Chumba cha Mtoto Kina Mwenyewe Tayari

Mwezi huu zimeniangukia barua tatu, zote zinauliza mahali pa kulala mtu ambaye ama hajafika, ama ndio kwanza amefika. Naanza na iliyonikalisha kitako. Ilikuwa ndefu, nimeipunguza.

Swali: Shikamoo Bibi Mkunga. Nina miaka 29, naishi Tabata na mume wangu, mimba yangu ina wiki 30. Tumepanga vyumba viwili, sebule na choo cha ndani. Chumba cha pili analala wifi yangu, anasoma chuo. Sasa mume wangu ameamua kiwe chumba cha mtoto, kama vile anavyoniletea kwenye simu, picha za Marekani. Amekusanya laki tisa za rangi, pazia, zulia, kabati na kitanda ambacho fundi wa Keko amemchorea kwenye daftari, chenye droo chini na nguzo nne za kufungia neti. Wifi ahamie kwenye kochi sebuleni. Mama mkwe yuko Moshi, aliposikia alipiga simu usiku uleule: mtoto hanunuliwi kitu kabla hajafika, ni mkosi. Mimi nipo katikati. Na ukweli ambao mume wangu hajui ni huu, Bibi: mimba yangu ya kwanza iliharibika mwaka juzi ikiwa na miezi sita. Nikikifikiria kile chumba kimepakwa rangi, na mlango umefungwa, usingizi unaruka. Mama yangu atakuja kutoka Korogwe kunilea arobaini. Nikubali chumba au nikatae? — *Mama Kijacho, Tabata*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa yule wa kwanza. Nitarudi kwake, maana naona barua hii umemwandikia yeye kuliko rangi na pazia.

Tumalize kwanza la chumba. Mama yako akiteremka Mbezi na mfuko wake wa machungwa, mgongo umekufa ganzi kwa basi, mtamlaza wapi? Umemhesabu mume, wifi, mtoto, mpaka kabati la mtoto. Mama hukumhesabu. Wifi amelala kwenye kochi, kichanga ana chumba kizima na zulia, na aliyekuja kukukanda, kukupikia uji na kumwogesha mtoto atandikiwe mkeka koridoni? Chumba cha pili kina mwenyewe tayari, ni cha bibi. Wifi abaki humohumo, watachangia. Na bibi akishaondoka wifi atakuwa amejifunza kumshika mtoto, jambo ambalo kochi lisingemfundisha.

Mtoto mwenyewe chumba hakijui. Siku za mwanzo anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka kwenye ziwa mpaka usoni kwako. Pazia la tembo na twiga lililo ukutani ni la wageni. Anachojua ni harufu yako, joto lako na ziwa lako, na ziwa atalitaka mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Hebu hesabu hatua kutoka kitandani kwako mpaka chumba cha pili, uzizidishe kwa safari za usiku mmoja, umeme umekatika na mshono bado mbichi. Nimewaona kina mama waliojaribu. Wiki ya pili wamehamishia godoro lao chumba cha mtoto, na chumba chao kimebaki na baba anayekoroma.

Halafu kuna jambo zito. Wapo watoto wanaolazwa wazima, hawana homa wala kikohozi, na asubuhi hawaamki, na hata daktari akitafuta sababu haioni. Wengi wao huwa hawajafikisha miezi sita, na hatari huwa kubwa zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema mtoto akilala chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake mwenyewe, hatari hiyo inaweza kupungua hadi nusu. Mwongozo wao wa mwaka 2022 unataka iwe hivyo angalau miezi sita. Kwa hiyo mumeo akikuonyesha tena zile picha za kwenye simu, mwambie hata huko zinakotoka picha, madaktari wanasema mtoto alale na mama yake chumbani.

Na alazwe chali. Hapa nina deni la kulipa. Mimi niliingia chuo cha ukunga mwaka 1976, na sisi tulifundishwa kumlaza mtoto ubavu, nyuma yake umeviringisha kanga ili asigeuke, tukiamini akicheua hatapaliwa. Nimewafundisha hivyo wanawake sijui wangapi. Uingereza walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani 1994, na huko Marekani vifo vile vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Kupaliwa tulikokuogopa hakukutokea. Kwa hiyo kama nilikuzalisha wewe au dada yako nikasema ubavu, nisamehe. Sasa nasema chali, mchana na usiku.

Kitanda cha Keko nakikubali kwa masharti. Kiwe kidogo, kiingie upande wako wa kitanda, ukinyoosha mkono umguse mtoto. Fito zake zibanane kiasi kwamba kopo la soda halipiti katikati. Kopo likipita, mwili wa mtoto unaweza kupita na kichwa kikabaki. Godoro liwe gumu, lijae kitanda pande zote, vidole viwili visipate pa kuzama ubavuni. Mto hapana. Mdoli hapana. Ile mito ya kuzungushia pembeni, ambayo ndiyo inapendeza kwenye picha, Marekani imepiga marufuku kuiuza tangu 2022 kwa sababu watoto walikuwa wanazibwa pumzi nayo. Droo za chini mimi sizitaki, lakini hilo ni langu: nimeona mende wengi mno kwenye droo za nguo za watoto.

Nguzo za neti nazo mwambie fundi asihangaike. Ukianza kliniki hupewa chandarua chenye dawa. Kama bado kimo kwenye mfuko wake, kitoe leo, kianike kivulini kipigwe hewa, ukifunge kwenye kitanda chenu kikubwa kishuke hadi kitanda cha mtoto. Vile vya mwavuli vinavyouzwa barabarani vinavutia, vina utepe na vipepeo, ila uliza kama vina dawa kabla hujatoa pesa. Kisicho na dawa, mtoto akikiegemeza mkono, mbu anamuuma kupitia vitundu.

Nitakusimulia kitanda changu. Mwaka 1981, sabuni ikiwa ya foleni na kitambaa hakipatikani, marehemu mume wangu alimpelekea seremala mmoja wa Ngamiani, pale Tanga, mbao za mvule. Alimlipa kidogokidogo miezi minne. Kilikuja kitanda kizito kama jahazi, kina magurudumu ya shaba na ua lililochongwa kichwani. Mwanangu wa kwanza alilala humo mara moja, kwa ajili ya kupigwa picha. Tulikiweka chumba cha pili, na chumba cha pili usiku nilikuwa sifiki. Baadaye tukahifadhia vitunguu, na mwaka ule wa mvua nyingi kuku wa jirani akajiingilia dirishani akatotoa vifaranga kumi na mmoja humo. Mume wangu aliwahesabu kila asubuhi, akisema angalau kitanda kimelea watoto.

Sasa lile ambalo wengi hawaniulizi kwa sababu wanajua nitagomba. Usiku wa manane, mtoto ananyonya, macho mazito, utamlaza ubavuni kwako. Najua. Mama yangu alinilaza hivyo, nami niliwalaza watoto wangu hivyo. Sikuandikii barua ya kujifanya kwamba hutafanya. Ninachokuomba ni hiki: asilale katikati yenu wawili, asilale pembeni ya mtoto mwingine, mto na blanketi zito viwe mbali na uso wake, na ukizinduka umrudishe kwenye kitanda chake. Usimlaze pamoja nawe kabisa kama amezaliwa njiti au chini ya kilo 2.5, au kama kuna mmoja wenu amekunywa pombe, anavuta sigara au amemeza dawa ya usingizi. Na usimnyonyeshee kwenye kochi ukiwa unasinzia. Kochi ndilo baya kuliko vyote, linammeza mtoto kwenye kona.

Tuje kwa mama mkwe. Usibishane naye. Mama wa zamani aliyezaa watoto wanane akazika watatu, ndiye aliyesema usinunue kitu mapema, na alikuwa na sababu ya kusema. Ila kuna vitu ambavyo hata yeye alivitayarisha, maana havingoji: kanga au vitenge vikuukuu vilivyofuliwa vikapigwa pasi, ule mpira wa kutandika wakati wa kujifungua, glavu, kibanio cha kitovu, nguo pea mbili tatu, kofia, soksi, kadi ya kliniki, na pesa ya gari ikae kwenye bahasha isiguswe hata gesi ikiisha. Namba ya dereva anayeamka usiku. Mtu wa kuchangia damu, umjue jina. Hayo si mapambo, kwa hiyo mkosi hauyahusu. Mama mkwe mwombe ndizi za mtori. Utaona anavyosahau habari ya rangi.

Na yule wa kwanza. Nimeisoma mara mbili ile sentensi ya mlango uliofungwa. Mwanangu, huna wajibu wa kuwa na furaha kwa ratiba ya fundi rangi. Wanawake waliopoteza mimba, wengi niliowashika mkono walifika wiki ya 38 hawajathubutu kumpa mtoto hata jina la utani, na waliwapenda watoto wao kama kawaida walipowashika. Lakini wawili waambie. Wa kwanza ni muuguzi wako wa kliniki, kama kwenye kadi haikuandikwa; mimba iliyoharibika miezi sita ni habari anayoihitaji, si siri ya aibu. Wa pili ni mume. Unasema hajui. Hajui kwamba iliharibika, au hajui kwamba bado inauma? Kama ni la pili, nadhani naye ana lake. Mwanamume anayekusanya laki tisa za chumba cha mtu asiyejua chumba ni nini, pengine anajenga ukuta kuzuia kitu. Mwambie jioni moja, televisheni imezimwa, kwamba unaogopa ule mlango. Usianze na bei ya zulia.

Ikiwa atafika mapema, Mungu aepushe, bado chumba si kitu. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari mmoja, Edgar Rey, alizidiwa na njiti wengi kuliko mashine za joto. Akawafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Wakapona, na leo ndivyo tunavyofanya hata kwetu. Wodini nilikofanyia kazi miaka ya mwisho tuliwafunga kwa kitenge, mtoto amevaa nepi, kofia na soksi tu. Baba pia anaweza kumbeba hivyo. Mumeo mpe kazi hiyo.

Laki tisa basi. Kitanda cha kawaida, kisicho na droo. Kiti chenye mgongo cha kunyonyeshea, maana kitanda kitakuvunja kiuno. Taa ndogo ya kuchaji. Godoro zuri la bibi, usimpe lile la zamani lenye bonde. Inayobaki iwekwe. Kisheria mwajiri anampa baba siku zisizopungua tatu tu, wewe 84, na wakija mapacha, siku 100. Siku ya nne mumeo atakuwa kazini macho mekundu, na siku hiyo nusu ya pesa itakuwa na matumizi ambayo sasa hamyajui. Akilia usingizi, lile kochi alilompangia dada yake lipo. Alijaribu mwenyewe?

Rangi akiitaka sana apake chumba chenu, apake wiki hii, rangi ya maji, madirisha wazi, nawe ukalale kwa wifi siku chache. Asikwangue rangi ya zamani wewe ukiwepo. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, nayo ni sumu.

Jambo moja kwa mama yako, naye asinichukie. Atataka kukukanda kwa maji ya moto na kuwasha jiko la mkaa chumbani mpate joto. Maji yawe ya uvuguvugu, siku hizi tunaunguza wanawake bure. Jiko lisiingie chumbani kabisa, hata dakika tano, hata mkaa ukiwa mwekundu hautoi moshi. Hewa inayoua haina rangi wala harufu. Nilipofanya kazi milimani, Julai moja ya baridi, waliletwa mama, mtoto wa wiki mbili na bibi wamelala chumba kimoja na jiko. Bibi ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Bibi peke yake aliondoka kwa miguu yake.

Swali: Shikamoo Bibi. Mimi ni wa Mombasa, niko Birmingham na mume wangu, mtoto ana wiki tatu. Flati yetu ina chumba kimoja. Wenzake kazini wote wana chumba cha mtoto, anataka tuhamie kwenye vyumba viwili, kodi tutaisikia mfupani. Mamangu amekuja kunilea, ataka mtoto alale naye, asema kumweka kwenye kitanda cha fito ni kumfunga jela, na amfunika blanketi tatu na kofia. Nesi anayekuja nyumbani auliza kila mara mtoto alala wapi. Naogopa kumjibu. — *Mzazi Mpya, Birmingham*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nesi usimwogope, haji kukunyang'anya mtoto. Swali hilo anamwuliza kila mzazi. Mwambie ukweli, pamoja na habari za mama. Pengine atamweleza vizuri kuliko wewe, maana mama zetu humsikia mtu mwenye kitambulisho shingoni.

Msihame. Ushauri wa afya wa Uingereza yenyewe ni mtoto alale chumba cha wazazi miezi sita ya kwanza, usiku na hata usingizi wa mchana. Hao wenzake kazini waulize vizuri. Wengi wana chumba cha mtoto ambacho kwa sasa kinakaa nguo na mabegi.

Kinachonitia wasiwasi ni blanketi. Mamako ameona theluji dirishani akadhani imeingia ndani. Huko nyumba zina hita. Chumba cha mtoto kikiwa nyuzi 16 hadi 20, shuka na blanketi moja jepesi, au ule mfuko wa kulalia, vinatosha. Kofia ndani ya nyumba mvue. Mtoto hupunguzia joto kichwani, na joto kupita kiasi ni moja ya mambo yanayohusishwa na vile vifo vya usingizini nilivyomweleza mwenzako wa Tabata. Mguse nyuma ya shingo. Kukiwa na jasho, punguza nguo. Mikono na miguu baridi isikutishe.

Mama umpe mtoto mchana, macho yakiwa wazi: kumwogesha, kumsinga, kumwimbia. Usiku kitanda cha fito kiwe ubavuni mwako. Na akisema jela, mwambie habari za Ufini. Tangu mwaka 1938 serikali ya huko inawapa kina mama boksi la nguo za mtoto lenye godoro dogo ndani, mwanzo wenye kipato kidogo, na kuanzia 1949 wote. Watoto wengi walianza maisha wamelala ndani ya boksi hilo la karatasi ngumu, pembeni ya kitanda cha mama.

Swali: Bibi, mtoto wetu wa kiume ana miaka mitatu, bado analala kitandani kwetu. Mke wangu anatarajia mwingine baada ya miezi mitano. Nimhamishe lini? — *Baba Mmoja, Mwanza*

Jibu: Wiki hii, baba, usingoje mtoto afike. Ukimhamisha siku mgeni anapoingia, atajua kabisa nani kamfukuza, na utamwona siku moja anamfinya mwenzake chini ya kanga. Miezi mitano inatosha asahau kwamba kitanda kile kilikuwa chake.

Asihamishiwe peke yake gizani. Kama kuna binamu, kaka au bibi, alale chumba kimoja naye. Achague shuka mwenyewe. Atarudi, usimchape. Mjukuu wangu alirudi wiki sita mfululizo, saa nane za usiku, anaburuta mto wake sakafuni. Mwanangu anamrudisha, hasemi neno, anamfunika, anaondoka. Usiku mmoja tukasikia mto unaburutwa ukaishia koridoni. Asubuhi tulimkuta amelala mlangoni kwangu.